Oliver Cowdery: Shahidi wa Wamormoni katika Mizani ya Riwaya na Ushahidi

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Ahli zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika miji yetu mikubwa huonekana vijana wawili wawili, wenye mashati meupe, tai na kibandiko cha jina kifuani. Wanabisha hodi majumbani, wanasalimia kwa adabu, na kila mmoja wao huitwa "Mzee" hata akiwa na umri wa miaka ishirini. Hawa ni wahubiri wa kanisa la Wamormoni, ambalo jina lake rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hapo kale hawakuwa na haja kubwa na bara letu, kwani mpaka mwaka 1978 kanisa lao lilikuwa likiwanyima watu weusi daraja ya ukuhani. Baada ya hapo milango ilifunguka. Kenya waliandikishwa rasmi mwaka 1991, kitabu chao kimetafsiriwa kwa Kiswahili, na hekalu lao la Nairobi lilizinduliwa mwaka 2025.

Miongoni mwa hoja wanazozitanguliza mbele ya vijana wetu ni hii: "Kitabu chetu kina mashahidi watatu walioona malaika na mabamba ya dhahabu. Watatu hao baadaye waligombana na nabii wetu, wakatoka kanisani, lakini hakuna hata mmoja aliyeukana ushahidi wake. Je, mtu hukaa na uongo ambao haumfai tena kitu?"

Hoja hii ina sura ya nguvu, na kijana asiyesoma huweza kubabaika. Wengine miongoni mwetu huijibu kwa kejeli na matusi, na hilo si jibu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu. Kwa hiyo tutamtazama mkubwa wa mashahidi hao, Oliver Cowdery, tueleze maisha yake kama yalivyokuwa, kisha tuupime ushahidi wake kwa mizani waliyotuachia wanavyuoni wetu wa hadithi na fiqhi.

MWALIMU ALIYEGEUKA KARANI

Oliver Cowdery alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1806 katika mji wa Wells, jimbo la Vermont, Marekani. Alipokuwa kijana alihamia magharibi ya jimbo la New York, na huko akashika kazi ya ualimu karibu na mji wa Palmyra. Ilikuwa desturi ya wakati ule mwalimu kulala kwa zamu katika nyumba za wazazi wa wanafunzi. Kwa njia hiyo alifikia nyumbani kwa wazazi wa Joseph Smith, na hapo ndipo aliposikia habari za kijana wao aliyedai kuonyeshwa na malaika mabamba ya dhahabu yaliyozikwa kilimani, yenye maandishi ya watu wa kale.

Tarehe 5 Aprili 1829, sawa na mwaka 1244 Hijria, Cowdery alikutana na Joseph Smith kwa mara ya kwanza katika kijiji cha Harmony, Pennsylvania. Siku mbili baadaye alikwishakaa kitako akiandika imla. Smith akisema, Cowdery akiandika. Mwaka mmoja nyuma, karani mwingine aitwaye Martin Harris alikuwa ameazimwa kurasa 116 zilizokwishaandikwa, zikampotea, na hazikupatikana tena. Kwa hivyo kitabu tunachokiona leo, kinachoitwa Kitabu cha Mormoni, takriban chote kilipita katika kalamu ya Cowdery, na kazi hiyo ilimalizika kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Namna ya tafsiri hiyo inafaa kufahamika. Smith hakuwa akiyasoma mabamba kwa macho kama mfasiri anavyosoma waraka. David Whitmer, shahidi wa pili miongoni mwa wale watatu, aliandika mwaka 1887 kwamba Smith alikuwa akitia jiwe ndani ya kofia, akiinamisha uso ndani yake, kisha akisema maneno. Kanisa lenyewe lilichapisha picha za jiwe hilo mwaka 2015. Cowdery naye alitamani kufasiri, akaruhusiwa kujaribu mwezi huo huo wa Aprili 1829, akashindwa. Habari hiyo imo katika vitabu vyao vitakatifu. Basi karani huyu hakuijua lugha ya asili, hakuona asili ikilinganishwa na tafsiri, na alipojaribu mwenyewe hakupata kitu. Aliyoyashuhudia katika kuandika ni sauti ya mtu mmoja tu.

MASHAHIDI WATATU NA WANANE

Mwezi Juni 1829, katika kijiji cha Fayette, New York, Smith alitoka kwenda msituni kuomba pamoja na Cowdery, David Whitmer na Martin Harris. Kwa maelezo yao, walikaa muda hawakuona kitu. Harris akajitenga, akisema huenda yeye ndiye kizuizi. Hapo Smith, Cowdery na Whitmer wakasema kuwa wameona malaika akiwaonyesha mabamba. Baadaye Smith alimfuata Harris alikokuwa, na huko Harris naye akasema ameona.

Baada ya hao wakatajwa mashahidi wanane waliosema wameyaona mabamba na kuyashika kwa mikono, bila kutaja malaika. Wanane hao ni watoto wanne wa mzee Whitmer, mkwe wao Hiram Page, baba yake Joseph Smith, na ndugu zake wawili, Hyrum na Samuel. Matamko yote mawili yalichapishwa pamoja na kitabu huko Palmyra mwezi Machi 1830. Nakala zilikuwa 5,000, na gharama yake dola 3,000 ilidhaminiwa kwa shamba la Martin Harris.

KUPANDA NA KUFUKUZWA

Kanisa lilipoundwa tarehe 6 Aprili 1830, Smith aliitwa Mzee wa Kwanza na Cowdery Mzee wa Pili. Kabla ya hapo, Mei 1829, wawili hao walikuwa wamedai kwamba Nabii Yahya (a.s.) aliwateremkia kando ya mto Susquehanna akawapa ukuhani. Mwishoni mwa 1830 Cowdery aliongoza msafara wa kuwahubiria Wahindi Wekundu, na njiani, katika eneo la Kirtland, Ohio, wakabatizwa zaidi ya watu mia moja, akiwemo mhubiri mashuhuri Sidney Rigdon. Mwaka 1832 alimuoa Elizabeth Ann, dada yake David Whitmer. Februari 1835 yeye na mashahidi wenzake wawili ndio waliowachagua Mitume Kumi na Wawili wa kanisa lile. Desemba 1834 alikuwa amekwishapewa cheo cha msaidizi wa rais wa kanisa. Na Aprili 1836, ndani ya hekalu la Kirtland, yeye na Smith walisema wamejiwa na Nabii Isa, Nabii Musa na Nabii Ilyas (a.s.).

Kisha ukaja mfarakano. Viongozi walianzisha benki huko Kirtland, na Cowdery alitumwa Philadelphia kutengenezesha sahani za kuchapia noti. Benki hiyo ilianguka mwaka 1837, watu wakapoteza mali zao, na imani za wengi zikatikisika. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Januari 1838 Cowdery alimwandikia kaka yake barua akiyalaani kwa maneno makali mahusiano ya Smith na msichana aitwaye Fanny Alger. Hapa nasi tuchunge ndimi zetu. Sheria yetu haimruhusu mtu kumsingizia mwenzake zinaa bila mashahidi wanne, na Cowdery hakuwaleta. Linalothibiti ni kwamba yeye alilikemea jambo hilo, na kwamba kanisa lenyewe, katika makala yake ya mwaka 2014, limesema kuwa ushahidi uliopo unaonyesha Smith alimuoa Fanny Alger kama mke wa ziada, wakati ambapo wafuasi hawakuwa wakielezwa habari za uke wenza.

Tarehe 12 Aprili 1838, huko Far West, Missouri, Cowdery alishtakiwa mbele ya baraza la kanisa kwa mashtaka tisa. Miongoni mwayo ni kumsingizia Smith zinaa, kuuza ardhi zake kinyume na agizo la viongozi, na kukataa kuongozwa na kanisa katika mambo yake ya kidunia. Hakuhudhuria. Alipeleka barua ya kujitoa, akishikilia kwamba mali yake ni yake na hakuna kanisa litakalomwamulia namna ya kuiuza. Akafukuzwa. Kesho yake akafukuzwa David Whitmer, na Harris alikuwa ametolewa tangu Desemba 1837. Mwezi Juni watu zaidi ya themanini walitia saini barua ya vitisho kumtaka Cowdery na wenziwe waihame wilaya hiyo, wakakimbia na familia zao.

Tangu hapo Cowdery aliishi kwa kazi ya uwakili, kwanza Tiffin, Ohio, ambako alikuwa pamoja na Wamethodisti, kisha Elkhorn, Wisconsin. Smith aliuawa na kundi la watu katika jela ya Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, na wafuasi wengi wakaenda Utah chini ya Brigham Young. Mwaka 1848 Cowdery alirudi kwao huko Kanesville, Iowa, akasema mbele ya mkutano kuwa hataki cheo, anataka kuwa mmoja wao tu. Alibatizwa upya Novemba mwaka huo. Lakini hakufika Utah. Aliugua, akafa katika mji wa Richmond, Missouri, tarehe 3 Machi 1850, akiwa na umri wa miaka 43.

MIZANI YA KWANZA: UKWELI WA MTU SI USAHIHI WA HABARI

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa turudi kwenye hoja: hakuukana ushahidi wake, basi ni kweli?

Wanavyuoni wa hadithi wameweka masharti mawili kwa mpokezi, na kila moja linasimama peke yake. La kwanza ni adala, yaani uadilifu na ukweli wa mtu. La pili ni dhabt, yaani uimara wa kupokea habari bila kuchanganyikiwa wala kudanganyika. Imamu Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, ameeleza kutoka kwa Yahya bin Said al-Qattan kuwa watu wema wanaweza kupatikana na uongo katika hadithi kuliko katika jambo jingine lolote, kwa maana kwamba uongo hupita katika ndimi zao bila wao kuukusudia. Na imepokewa kuwa Imamu Malik aliwakuta watu wengi katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) ambao wangeaminiwa na hazina ya mali, lakini hakupokea hadithi kwao, kwa kuwa hawakuwa watu wa fani hiyo.

Basi sisi hatuna haja ya kumwita Cowdery mwongo. Mtu aliyepoteza cheo kwa kukemea alichokiona kuwa uovu si mtu wa kudharauliwa. Swali letu ni la pili: je, alikuwa na dhabt katika mambo ya wahyi?

Jibu limo katika vitabu vyao wenyewe. Septemba 1830, Hiram Page, mmoja wa mashahidi wanane, alikuwa na jiwe lake akidai kupata wahyi kwalo. Cowdery na jamaa wa Whitmer waliuamini wahyi huo. Smith akatoa tamko, nalo limo katika maandiko yao mpaka leo, kwamba Page amedanganywa na Shetani, na kwamba Cowdery akamweleze hivyo. Page alikubali, na Cowdery na wenzake wakaachana na jambo hilo. Zingatia, ndugu msomaji: huu ni mwaka mmoja na miezi michache tu tangu ushahidi wa mabamba. Kwa hukumu ya nabii wao mwenyewe, mashahidi hao hao walishindwa kupambanua baina ya wahyi na wasiwasi wa Shetani. Mpokezi ambaye mwenye habari mwenyewe amethibitisha kuwa alidanganyika katika jambo la jinsi ile ile, vipi habari yake itafanywa nguzo ya dini?

MIZANI YA PILI: NAMNA USHAHIDI ULIVYOTOLEWA

Kadhi anapowatilia shaka mashahidi huwatenganisha, akamsikiliza kila mmoja peke yake, ili ajue wanaafikiana au wanakhitilafiana. Hapa tunaona kinyume. Watatu wametia majina chini ya tamko moja, na wanane chini ya tamko moja. Hakuna tarehe, hakuna mahali palipotajwa, na hakuna aliyeeleza kwa maneno yake mwenyewe katika karatasi hizo. Katika nakala iliyopelekwa kwa mchapaji, matamko na majina yote yameandikwa kwa mkono wa Cowdery. Na tamko la watatu lenyewe linasema walionyeshwa kwa nguvu za Mungu. Ushahidi katika sheria umejengwa juu ya hisi, yaani kuona na kusikia kwa kawaida, na habari ya mutawatir nayo ni sharti iishie kwenye hisi. Linaloonekana katika hali ya maombi makali, mmoja akaliona na mwenzake asilione mpaka ajitenge, haliingii katika mlango huo.

Ikiwa atasema msemaji: "Wale wanane waliyashika kwa mikono." Tutasema: kushika kitu chenye umbo la mabamba hakuthibitishi kilitoka wapi wala kimeandikwa nini, maana hakuna kati yao aliyejua kuyasoma. Na watatu kati ya wanane ni baba na ndugu za mdai. Ushahidi wa mzazi kwa mwanawe haupokelewi kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, kwa sababu ya tuhuma, sembuse katika dai kubwa kama la unabii.

MIZANI YA TATU: HOJA IKITHIBITI SANA HUMBOMOA MWENYEWE

Baada ya kuuawa Smith, mtu mmoja aitwaye James Strang alidai kuwa yeye ndiye mrithi wake. Mwaka 1845, huko Voree, Wisconsin, naye alichimbua mabamba, na waliochimba walikuwa mashahidi wanne waliotoa tamko lao kwa maandishi. Wengi walimfuata, na Martin Harris, shahidi wa Smith, alikwenda Uingereza mwaka 1846 kumhubiria Strang. Wamormoni wa Utah hawamkubali Strang hata kidogo. Tunawauliza kwa upole: ikiwa mashahidi wanne wa Strang hawatoshi kumfanya nabii, kwa nini watatu wa Smith watoshe? Na wakisema kuna sababu nyingine za kumkataa Strang, basi wamekiri kuwa mashahidi peke yao si hoja.

Ama kudumu juu ya neno mpaka kufa, hilo ni dalili ya yakini ya mtu moyoni mwake, si dalili ya ukweli wa jambo. Kila dini ina watu waliokufa wakiishikilia, na dini hizo zinapingana, wala haiwezekani zote ziwe haki.

MIZANI YA NNE: ASILI IKO WAPI?

Wanasema mabamba alirudishiwa malaika. Muswada wa kwanza wa imla uliwekwa mwaka 1841 katika jiwe la msingi la jengo huko Nauvoo, Illinois, ukaharibiwa na maji, na iliyosalimika ni sehemu ndogo, kiasi cha asilimia 28. Nakala ya mchapaji, aliyoinakili Cowdery, alikaa nayo mpaka kufa, ikaenda kwa David Whitmer, na hatimaye kanisa la Utah likainunua mwaka 2017 kwa dola milioni 35. Kwa hiyo mlolongo mzima wa kitabu hicho unaishia kwa mtu mmoja aliyeinamisha uso kofiani.

Linganisha na ukusanyaji wa Qur'ani. Baada ya vita vya Yamama, katika ukhalifa wa Abubakar (r.a.), Zayd bin Thabit (r.a.) alikuwa mwenyewe amehifadhi, naye ni mwandishi wa wahyi. Hata hivyo hakutosheka na kifua chake. Alitaka kilichoandikwa mbele ya Mtume (s.a.w.), na akataka mashahidi wawili juu yake. Na nyuma ya hayo yote walikuwepo waliohifadhi kwa wingi, wakisoma katika sala usiku na mchana, katika lugha ile ile iliyoteremkia. Habari hiyo imepokewa na umati kutoka kwa umati. Haikusimama juu ya saini tatu.

Na juu ya hayo yote, kwetu sisi mlango wa unabii umefungwa kwa nassi. Suratul Ahzab, aya ya 40, imebainisha kuwa Muhammad (s.a.w.) ni mwisho wa Manabii. Lakini aya hii ni hoja kwa anayeiamini. Ndiyo maana tumeanza na mizani ambayo kila mwenye akili anaweza kuishika, awe Muislamu au asiwe.

ADABU KWA MWENYE KUJA MLANGONI

Suratul Ankabut, aya ya 46, imetuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Kijana anayebisha hodi kwako amewaacha wazazi wake, na wengi wao wanaamini kwa dhati wanayoyasema. Mkaribishe au umwombe radhi, mpe maji ikiwa jua ni kali, wala usimcheke nabii wake mbele yake. Mwulize habari za jiwe la Hiram Page. Mwulize habari za Strang. Kisha usimfanyie pupa, muache akafikiri.

Na enyi wazazi na walimu wa madrasa, somo kubwa liko kwetu. Kijana aliyesomeshwa tofauti ya adala na dhabt, akajua mutawatir ni nini na ahad ni nini, hatatetemeka kwa kuambiwa kuna mashahidi watatu. Atauliza: walishuhudia nini, kwa hisi gani, na asili iko wapi? Elimu ya Mustalah isiachwe kwa wachache wanaokwenda kusoma ng'ambo. Japo misingi yake, itiwe katika madarasa ya juu ya madrasa zetu, kwani hodi zinazobishwa leo haziwabishii wanavyuoni peke yao.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.